Mbona nyingine pembetatu, nyingine duara?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nzuguni, na nimeanza kujifunza udereva hapa Dodoma. Mwalimu ametupa karatasi yenye alama za barabarani zaidi ya mia moja, akasema tukariri zote kabla ya mtihani. Nakariri usiku, asubuhi zimeyeyuka. Je, zina mpangilio wowote, au kila mtu alichora yake? Nani aliamua hii iwe pembetatu na ile duara? Halafu mume wangu alipigwa tochi ya trafiki ya kupima mwendo njia ya Singida, akalipa elfu thelathini. Anasema kibao cha 50 alikiona, lakini cha kumaliza 50 hakikuwepo. La mwisho si langu, ni la mwanangu wa darasa la tatu: mbona kibao kina ng'ombe, na wanaovuka huku kwetu ni mbuzi?

JIBU: Marahaba mama. Karatasi yako ibandike ukutani, halafu rudi nyuma hatua kumi na tano. Kama chumba ni kidogo, toka nayo uani. Ukifika hapo, picha huzioni tena. Kama ni mtoto anavuka, kama ni ng'ombe, kama ni mshale, huwezi kuapa. Unachobaki nacho ni pembetatu, duara na mstatili, pamoja na nyekundu na bluu. Kibao kilichorwa kwa ajili ya mtu aliye umbali huo. Mwalimu anayekufundisha ukiwa umeishika karatasi mkononi anakuanzisha mwisho wa safari.

Nimesimika vibao zaidi ya miaka ishirini, kati ya Gairo, Dodoma, Manyoni na Kondoa, kwanza nikichanganya zege kama kibarua, baadaye nikiwa fundi sanifu. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu sekunde. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, mpaka mguu ufike kwenye breki, wahandisi wanamkadiria sekunde mbili na nusu, yaani mita 55 zimeshapita kabla tairi halijaanza kupunguza mwendo. Ongeza mita sabini na kitu za kusimama bila kuwatupa abiria mbele. Ndiyo maana kibao cha tuta hakikai kwenye tuta, kinakaa mbali kabla yake, na ndiyo maana lazima kianze kusema kabla hakijasomeka. Umbo linaonekana kwanza, rangi inafuata, kisha picha. Maneno huja mwisho kabisa, na mara nyingi hayapo.

Ukishika hilo, kariri familia tatu tu.

Pembetatu inaonya. Imesimama na ncha juu, ukingo mwekundu, ndani nyeupe, picha nyeusi. Haikuamrishi chochote. Inakuambia mbele kuna kona, tuta, watoto, mifugo, barabara inayobanwa, ujipange mwenyewe. Hukamatwi kwa "kuvunja" pembetatu, unakamatwa kwa ulichofanya baada ya kuipuuza.

Duara linaamuru, na hapa rangi ndiyo inayogawa. Lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo: usiingie, usipite gari jingine, usizidi 50, usizidi tani kadhaa. La bluu linakutaka ufanye: pita kushoto, nenda mbele tu, zunguka. Nyekundu ni "usi-", bluu ni "fanya". Nimewafundisha vijana wengi wa bodaboda kwa maneno hayo mawili na hawakusahau.

Mstatili unatoa habari: hospitali, maegesho, mji gani uko wapi, umbali gani. Huu hauna haraka, unaweza kubeba maneno.

Sasa shika karatasi yako upange upya. Utaona zile mia na kitu si mia. Ni vyungu vitatu, na ukikutana na usiyoijua, umbo na rangi vitakupa nusu ya jibu, na hiyo nusu ndiyo inayookoa maisha.

Kuna mbili zinazovunja mpango, na zinavunja kwa makusudi. Ya kwanza ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini: toa nafasi, wa barabara kubwa apite kwanza. Ya pili ni ile nyekundu yote yenye pembe nane: simama kabisa, tairi zitulie. Kwa nini hizi mbili zilipewa maumbo ambayo hakuna nyingine inayo? Nenda njia panda yoyote uitazame alama ya kusimama ukiwa nyuma yake, upande wa bati tupu. Bado unaijua. Dereva anayekuja kutoka upande mwingine anajua kwamba wewe ndiye uliyeambiwa usimame. Ikipakwa matope, ikififia, ikibandikwa tangazo la mganga wa kienyeji, pembe nane zinabaki nane.

Aliyeamua ni nani? Hakuna mtu mmoja. Mwaka 1909, nchi kadhaa zilikutana Paris, magari yakiwa bado kitu cha matajiri, zikakubaliana picha nne tu: tuta au mfereji barabarani, kona, njia panda na kivuko cha reli. Nne. Mengine yote yamezaliwa baada ya hapo. Pembe nane ni za Wamarekani. Mwaka 1923 maofisa wa barabara wa majimbo ya bonde la Mississippi walipanga kwamba kadiri hatari inavyozidi, ndivyo pembe ziongezeke: mstatili wa pembe nne kwa habari za kawaida, pembe nane kwa kusimama, na duara, ambalo walilihesabu kuwa na pembe zisizo na idadi, kwa reli. Na alama yao ya kusimama ilikuwa ya njano kwa miaka mingi. Haikugeuka nyekundu mpaka 1954, kwa sababu kabla ya hapo rangi nyekundu ya kudumu nje juani ilikuwa shida kupatikana. Hilo la jua nitalirudia, maana sisi wa Dodoma linatuhusu.

Ulaya ndiyo iliyoshikilia pembetatu ya onyo na duara la amri, na mkataba uliotiwa saini Vienna tarehe 8 Novemba 1968 ukayaweka pamoja katika mfumo ambao leo unaonekana sehemu kubwa ya dunia. Za kwetu ni za ukoo huohuo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ina mwongozo wake wa alama, ili dereva wa lori anayetoka Zambia akapita Tunduma asijikute kwenye lugha ngeni, na wizara inayosimamia barabara ilitoa mwongozo wa Tanzania mwaka 2009 unaosema kila kibao kiwe na ukubwa gani na kikae wapi. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA. Ukiona kibao kimeanguka, jua kwanza barabara ni ya nani.

Tuseme ukweli, mfumo wenyewe una viraka. Mkataba wa 1968 uliruhusu makatazo mengine yawe na mstari wa kukata na mengine yasiwe nao. Matokeo yake kuna nchi ambako duara jekundu lenye picha ya baiskeli, bila mstari wowote, maana yake ni baiskeli zisipite. Mpe mtu yeyote wa Bahi aliangalie, atakwambia hapa ndipo baiskeli zinapopita. Hana kosa. Mimi naona mstari wa mshazari ungewekwa kwenye makatazo yote na ugomvi ungeisha. Mpaka hapo, lishike la ukingo mwekundu: picha iliyomo ndani yake ndiyo inayokatazwa, mstari uwepo au usiwepo.

Jingine la kuangalia kwenye karatasi yako ni alama ya mzunguko, duara la bluu lenye mishale mitatu inayofukuzana. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mishale lazima ielekee kama akrabu za saa. Karatasi nyingi za mafunzo zimenakiliwa mtandaoni kutoka nchi za kulia, na mishale yake imegeuka kinyume. Kama yako ni hivyo, mwambie mwalimu kwa adabu. Na tukiwa kwenye mzunguko, umewahi kujiuliza jina "kipilefti" limetoka wapi? Ni maneno ya Kiingereza ya kumwamuru dereva apite kushoto. Amri ikageuka jina la mahali. Leo mtu anakuambia "nishushe kipilefti" na wala hafikirii kushoto wala kulia.

Nirudi kwenye maneno, maana nilisema huja mwisho, lakini kwenye vibao vya miji ndiyo kila kitu. Andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa tupu: DODOMA, na chini yake KONDOA. Herufi sita na sita. Ukizisogeza mbali zinakuwa matofali mawili yanayofanana. Sasa andika Dodoma na Kondoa kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Dodoma inainuka kwenye herufi ya tatu, Kondoa inainuka kwenye ya nne. Ongeza Singida na Iringa, zenye g inayoning'inia chini. Jicho linaanza kutambua sura ya neno kabla halijasoma herufi, kama unavyomtambua jirani yako kwa mwendo wake kabla hujaona uso. Waingereza walibishana sana kuhusu hili walipopanga upya vibao vyao. Kamati iliyotoa ripoti mwaka 1963 iliwatumia wachoraji wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert, nao wakaenda na herufi ndogo zilizotanguliwa na kubwa. Ukubwa nao una hesabu: herufi ya sentimita 20 inasomeka vizuri kama mita 70 hadi 95. Kwa mwendo wa 80 hizo ni sekunde tatu au nne, na ndani yake dereva atazame barabara pia. Ndiyo sababu kibao kizuri kina majina matatu au manne, halafu kinanyamaza. Kile chenye majina saba ni cha kumfurahisha mtu ofisini.

Herufi na namba kama T3 na T5 pembeni ni za barabara kuu. T3 inatoka Morogoro, inapita Dodoma na Singida kuelekea Nzega na mpakani. T5 inatoka Iringa, inapita hapa Dodoma, Kondoa na Babati kwenda Arusha. R ni barabara za mikoa. Madereva wetu hawazitumii, wanasema "njia ya Kondoa", na sioni ubaya, ila mgeni zinamsaidia.

Usiku ni habari nyingine. Chukua simu yako, nenda usiku kwenye kibao chochote kipya, simama hatua ishirini. Washa tochi ya simu ukiwa umeishika pembeni ya jicho, karibu na sikio. Kibao kitawaka kama kina umeme. Sasa nyoosha mkono mbali na uso, tochi ikiwa bado inakimulika. Kitazimika, au kitabaki hafifu. Ile stika ya reflekta iliyobandikwa juu ya bati ina vijipunje vya kioo au vipembe vidogo sana, na kazi yake ni kurudisha mwanga ulikotoka, si kuutawanya. Taa za gari ziko karibu na macho ya dereva, kwa hiyo yeye ndiye anayeuona. Aliyesimama kando ya barabara anakiona kibao kile kimelala. Kwa sababu hiyohiyo hatukisimiki kibao kikiwa kimeikabili barabara moja kwa moja kama kioo. Tunakigeuza kidogo kutoka kwa magari, kama nyuzi tatu hadi tano, ili kisimrushie dereva mng'ao wa taa zake machoni. Fundi mgeni atakuambia nguzo imepinda. Mwache.

Adui wa stika hiyo huku kwetu ni wawili. Vumbi la kiangazi linaifunika, na kitambaa chenye maji kingetosha, ila nani anapita na kitambaa? Na jua. Nyekundu huchoka mapema. Nyeusi inabaki. Nimeona kibao cha 50 ambacho ukingo wake umeliwa na jua mpaka ukawa wa waridi, kisha mweupe, kikabaki bati jeupe lenye namba nyeusi. Hapo si duara la amri tena. Kinaweza kuwa namba ya nyumba.

Ukipita kwenye ujenzi, na barabara ya mzunguko wa nje wa Dodoma, ile ya kilomita 112.3, imetupa ujenzi wa kutosha, utakuta alama zilezile kwenye ukoo wa SADC lakini ndani ni za njano badala ya nyeupe. Maana yake ni za muda. Ziheshimu kuliko zile za kudumu: barabara unayoijua kwa miaka kumi jana ilikuwa nzima na leo imekatwa.

Kuna alama moja hutaiona kwenye karatasi yako, nayo inaheshimiwa na kila dereva wa lori kati ya Manyoni na Kibaigwa: matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, moja, hatua kadhaa, jingine. Gari limeharibika mbele. Sheria inataka pembetatu za reflekta, na uwe nazo. Lakini ukiona matawi usiulize yametoka wizara gani. Punguza mwendo.

Kabla sijamfikia mumeo, nikiri langu. Mwaka fulani njia ya Kondoa tulisimika kibao cha kona ya kulia mahali penye kona ya kushoto. Bati mbili zilifanana, jioni imeingia, tunataka kurudi kambini. Asubuhi dereva wa basi akasimamisha, akashuka na abiria wake wakimtazama, akauliza: "Nyie, hiki kibao mmekiweka kwa ajili ya wanaorudi nyuma?" Tulikichimbua kabla ya chai.

Mumeo sasa. Kibao cha kikomo kinaendelea kutawala mpaka kingine kikifute. Cha kufuta kina namba ileile imekatwa kwa mistari ya mshazari. Kisipokuwepo, dereva hana ruhusa ya kujikatia mwenyewe kwamba yameisha. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka 50 kwenye maeneo ya makazi. Kama nyumba zilikuwa bado zinaonekana pande zote mbili, sina la kumtetea. Kama alishatoka kilomita tatu porini na hakuna nyumba wala kibao, ana hoja. Nguzo hizi zinang'olewa na wauza vyuma chakavu, na mara nyingi cha kumaliza ndicho kinachoibwa kwa sababu kiko mbali na macho ya watu wa kijiji. Afanye hivi: akipita tena, asimame pembeni salama, apige picha ya shimo au kisiki cha nguzo, aandike namba iliyo kwenye nguzo ya kilomita iliyo karibu, apeleke ofisi ya TANROADS ya mkoa kwa maandishi. Hela yake huenda isirudi. Kibao kinaweza kurudi.

Mwanao ameuliza swali ambalo wakubwa hawaulizi. Mwambie ng'ombe pale amesimama kwa niaba ya mifugo yote, mbuzi, kondoo na punda wakiwemo. Amechaguliwa kwa sababu ya sura. Mchore mbuzi kwa rangi nyeusi tupu, umwangalie kutoka uani: atakuwa mbwa, au kondoo, au kiti kilichovunjika. Ng'ombe ni mkubwa, mgongo umenyooka, pembe zinaonekana, huwezi kumdhania kitu kingine. Ni kama treni ya mvuke kwenye alama ya kivuko cha reli kisicho na geti. Treni ya umeme ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, na huyo mtoto hajawahi kuona moshi wa treni, lakini kichwa kile chenye bomba kinatambulika, na treni ya kisasa ikichorwa nyeusi itafanana na basi. Yule Margaret Calvert, ambaye alizaliwa Durban, Afrika Kusini, alipochora ng'ombe wa vibao vya Uingereza alimfuata ng'ombe halisi wa shamba la jamaa yake, na ng'ombe huyo alikuwa na jina: Patience. Mwanao akitaka, achore mbuzi wa kwenu kwa mkaa kwenye bati, amwegemeze kwenye mti, kisha mhesabu pamoja hatua mpaka mbuzi apotee.